Mpisha Njia wa Koridoni

Kila Januari, bunge la jimbo likifunguliwa, mwanamke anayetumwa na jiji kulisemea kwa wabunge huvua buti zake za theluji mlangoni, akavaa viatu vya kawaida, kisha akajibanza ukutani koridoni kama ufagio. Mbunge akija, humpisha. Humuuliza habari za ng'ombe wake na goti lake kabla hajagusia maji taka, nyumba za bei nafuu, na lile daraja la kuvuka reli ambalo jiji limeliomba tangu nywele za mwanamke huyu zikiwa nyeusi. Sauti yake ni ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

Jana Seneta Lindholm alikuja mbio, koti begani. "Mama, la daraja mwaka huu tuliache. Watu wenu si wasubiri tu treni ipite? Kwani kuna nini?"

Akataka kupita kushoto, mwanamke akahamia kushoto. Kulia, naye kulia, mkoba wake mkubwa kaukumbatia kifuani.

"Mama, unanizuia. Wenzangu wanapiga kura humo ndani."

"Naona, Mheshimiwa," akasema, kwa sauti ileile ya chini. "Hata gari letu la wagonjwa husimama hivyo hivyo. Vuta subira, behewa la mwisho bado halijapita."