Okidi Zilizotoka Akagera

Xavérine alikuwa amerudi kutoka mbuga ya Akagera siku chache tu kabla ya vita kuanza, Oktoba 1990. Yeye na Sibomana, dereva wa mradi wa kuhifadhi mimea, walikwenda huko kuokoa okidi za madoadoa. Okidi hizo huota juu ya matawi ya migunga, na kila kiangazi moto wa wawindaji haramu ulikuwa ukizimaliza. Walizibandua kwa uangalifu, wakazifunga kwenye magunia yaliyoloweshwa, wakazileta Kicukiro, jijini Kigali, kwenye kitalu cha mimea adimu alichokitunza nyuma ya nyumba yake. Nia ilikuwa wazikuze, kisha wazirudishe mbugani.

Halafu wapiganaji kutoka Uganda wakavuka mpaka pande zilezile za Akagera, na Kigali ikaanza kumtilia shaka kila aliyetoka huko. Xavérine alikuwa mjane, na alikuwa amezaliwa na kukulia Buyenzi, Bujumbura. Kila alipofungua mdomo, watu walisikia Burundi, na siku zile mgeni yeyote alishukiwa. Mtaalamu wa Ulaya aliyesimamia mradi akapanda ndege na wenzake, akamwachia funguo za ghala.

Ijumaa, baada ya usiku wa risasi ambazo hakuna aliyejua nani alizipiga, ukamataji ulianza. Asubuhi jirani yake Mukasine alipenya kwenye ua bila hata kubisha.

"Mama Aurore, wamemchukua Sibomana. Wanasema alikuwa akibeba silaha kwenye magunia."

"Silaha gani? Yalikuwa maua."

"Nani atakuamini? Yachome kabla hawajafika."

Xavérine alichukua kiberiti. Alisimama mbele ya okidi zilizofungwa kwenye magogo chini ya kivuli, akawasha njiti, ikazimika kabla haijazigusa. Ya pili nayo ikazimika. Ndipo akawaza kwamba moshi ungewaita upesi zaidi. Akampeleka binti yake Aurore kwa Mukasine, akarudi kukaa kizingitini kuwasubiri.

Walifika kabla ya adhuhuri, wanajeshi watatu na kiongozi wao, aliyechukua kwanza kitambulisho cha Xavérine. Waliona matuta ya miche yenye udongo uliolimwa juzi.

"Mbona umechimba hapa?" kiongozi aliuliza.

"Ni miche ya miti, shefu."

Wakatwaa majembe. Miche yote ikatupwa huku na huku, mizizi juu, na udongo ukachimbwa hadi kiunoni. Hawakupata kitu. Kiongozi akageukia okidi, akashika shina moja, nene na refu kama kipande cha muwa.

"Na hii? Ni sumu?"

"Hapana, shefu. Ni ua tu."

"Lipasue."

Akalipasua kwa kisu cha jikoni. Lilikuwa kubwa kuliko yote aliyoyaleta na Sibomana, na ndani palikuwa na nyuzinyuzi na ute tu.

"Kula."

Xavérine alitafuna. Ute mchungu ulimjaa kooni, na aliogopa kutapika, kwa kuwa wangesema ni sumu kweli. Akameza. Yule kiongozi akamrudishia kitambulisho chake.

"Tutarudi," alisema.

Kesho yake Xavérine alipakia okidi zilizobaki kwenye beseni, akazifunika kwa majani ya viazi vitamu, akajitwika beseni na kushika njia ya Masaka, nje kidogo ya Kigali, kwa miguu. Huko walikuwapo masista aliowafahamu, wenye miparachichi mikubwa. Okidi ikiwa juu ya mti, aliwaza, hakuna udongo wa kuchimbwa, na watu hawatazami juu. Kwenye kizuizi cha barabarani kijana mwenye bunduki alisukuma majani kwa kidole.

"Unampelekea nani?"

"Nguruwe wa masista."

Alijibu kwa maneno machache, ili lafudhi isimfichue. Kijana akampungia mkono apite. Alipofika kona, suruali ya ndani na kitenge vilikuwa vimelowa, na hakujua ni lini alijikojolea.

Sista Winifred alimsaidia kuzifunga matawini kwa kamba ya mgomba. Hakuuliza zimetoka wapi.

Miezi ile Xavérine hakulala vizuri. Gari likisimama nje, alivaa viatu na kungoja. Hofu yake kubwa ilikuwa Sibomana, kwamba wakimpiga vya kutosha atataja jina la aliyekuwa naye.

Aprili ya mwaka uliofuata Sibomana aliachiliwa. Alikuja akichechemea, meno ya mbele hayapo.

"Waliniuliza nilikuwa na nani Akagera," alisema.

Xavérine akamsogezea uji.

"Niliwaambia nilikwenda peke yangu."

Alitaka kumshukuru, akalia badala yake. Sibomana akanywa uji taratibu, upande wa shavu uliokuwa mzima, kisha akauliza kama zile okidi zimeishi.

"Baadhi. Twende Masaka ukazione."

"Mimi sipiti tena kizuizi chochote, Mama Aurore. Nenda wewe, uniambie."

Alikwenda. Nusu zilikuwa zimekauka. Zilizobaki zilikuwa zimeshika gome kwa mizizi myeupe, na mojawapo ilikuwa imechanua maua ya manjano yenye madoa ya kahawia. Xavérine alisimama chini yake akiitazama, lakini sikio lake lilikuwa barabarani, na lori liliposikika likipanda mlima, aliingia haraka jikoni kwa masista.