Boma yetu ya ng'ombe iliyoota majani

Leo Baba yangu amekuwa mtaalamu, na nyumbani hakuna amani.

Mnakumbuka ile boma yetu ya ng'ombe?

Kwa wale hawakuwepo: mwaka wa 1997 Baba alichoka kungoja nguzo zikauke. Akamwambia fundi azisimamishe hivyo hivyo zikiwa mbichi, wakaweka mabati. Mvua ikanyesha, nguzo zote zikachipuka. Kijiji chetu kizima, Siongiroi, kilikuja kucheka. Ng'ombe naye akakula ukuta wa nyuma, majani na maganda, mpaka ukaanguka.

Miaka yote hii Baba anasema makosa ni ya fundi.

Sasa leo asubuhi akapita madam mmoja wa mradi wa kujenga na miti ikiwa hai. Akasimama kwa geti. Akaomba kuingia. Akashika zile nguzo, na siku hizi ni miti minono imebeba paa, akauliza polepole, "Mzee, ni nani alifikiria hii kitu?"

Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Baba akavua kofia. "Ni mimi, madam. Nilitaka jengo lenye uhai."

Mama akadakia kutoka jikoni, "Mwambie pia ulipanga ng'ombe akule ukuta."

Madam aliandika yote. Alhamisi Baba anafundisha semina ya mradi wao.

Saa hii ameniletea karatasi. Anataka nimchoree ramani ya 1997, halafu niimwagie chai kidogo ikae ya zamani.

Watu wangu, nisaidieni. Ule ukuta ng'ombe alikula, nauchora ama nauacha?