Kidonge Nilichomeza Bila Kuuliza

Naikumbuka Jumatatu ile, mwanangu, kwa sababu wachunaji wenzangu wote walinicheka. Nilikuwa kibarua katika shamba la chai upande wa Kericho. Shule niliiacha darasa la sita, na kabla ya chai nilikuwa nimechunga ng'ombe wa watu huko Sigor na nimefyatua matofali. Sikukaa mahali. Lakini nilipenda kuuliza. Fundi wa kiwandani alikuwa akiniona tu, anajificha nyuma ya mashine.

Wakati huo nilikuwa nameza dawa za kifua kikuu, mwezi wa pili tangu nianze. Siku ya kwanza muuguzi aliniambia mkojo utakuwa mwekundu, nisiogope. Akaendelea kueleza mengine, ila mimi nilikuwa natazama mlango, nisije nikaonekana na mtu wa shambani. Nikaondoka na neno moja tu: usiogope. Kwa hiyo macho yalipoanza kuingia ukungu, nikajiambia ni dawa inafanya kazi.

Mchunaji hutafuta majani mawili na chipukizi, yale ya kijani changa. Kwangu mimi, Jumatatu hiyo, kichaka kizima kilikuwa rangi moja. Nyapara akamwaga kikapu changu chini.

"Hii ni chai ama ni chakula ya ng'ombe?"

"Hata ng'ombe yangu itakataa!" mmoja akadakia, wakaangua kicheko.

Mama Akinyi hakucheka. Alikuwa mama mtu mzima kutoka upande wa ziwa, na alichuna mstari wa kando yangu.

"Omera, ndugu yangu, ile leso nimefunga pale kwa kichaka ni rangi gani?"

"Kahawia. Ama kijivu."

"Ni nyekundu! Umekunywa?"

"Sijakunywa, mama. Ni dawa tu. Itaisha."

"Dawa ya nini?"

Nikamnong'oneza. Akatua kikapu chake.

"Wewe unauliza mpaka nyuki anauma kwa nini, na kitu unameza kila asubuhi hujui jina yake?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko kile kicheko. Aliacha kazi ya siku nzima akanipeleka kliniki mwenyewe. Daktari alinisimamisha mbele ya ubao wa herufi, akanifunika jicho moja, kisha la pili. Akanieleza kwamba moja ya dawa zangu, ethambutol, huweza kuumiza mshipa wa jicho. Hiyo akaiondoa siku hiyohiyo. Zile nyingine akaniamuru nisiache hata moja, maana ugonjwa ungerudi ukiwa mkali zaidi.

"Ungekaa mwezi mwingine," alisema, "sijui kama ungeona tena."

Kifua kilipona. Rangi zilirudi polepole, ilichukua miezi. Maandishi madogo hayakurudi. Mpaka leo mke wangu ndiye hunisomea Biblia, naye huruka sura zenye majina mengi akidhani sijui.

Mwanangu, ukipewa dawa, keti kwanza. Uliza jina lake. Uliza ni dalili gani ikitokea urudi mbio. Macho yakififia au rangi zikikuchanganya, usingoje tarehe ya kliniki, na usitupe vidonge kwa uamuzi wako. Nenda siku hiyohiyo ukaseme. Na wale unaowaonea aibu, wengi wao hawatakuja kukushika mkono ukiwa huoni njia.

Mungu akulinde mwili wote, akupe watu wa kukuuliza pale unaponyamaza, na akuzeeshe ukiwa unaziona nyuso za wajukuu wako.