Mke wa Mwanangu na Ukungu wa Misonobari

Mke wa mwanangu kazi yake ni kulisha ukungu. Nasema hivyo wazi, kwa sababu nikijibu watu kwamba yuko maabara, wanadhani anapima damu. Yeye anaotesha ukungu kwa makusudi, anaupa sukari, na mwisho wa mwezi analipwa.

Nilijua hayo nilipohamia kwao kwa ajili ya goti langu. Nilifungua friji kutafuta maziwa, na ubavuni mwa maziwa nikakuta visahani vya kioo vimefungwa utepe, ndani yake ukungu mweupe umejaa kama pamba. Nilikaa chini palepale jikoni. Mwanangu ni dereva wa malori, anakula anachopewa wala haulizi. Nikawaza, kumbe huyu ndiye niliyemkabidhi mtoto wangu.

"Mama, usiviguse," mke wa mwanangu akasema mlangoni, mkoba bado begani. "Umeme wa kazini unasumbua. Vitalala hapa leo."

"Vilale? Kwani ni watoto?"

"Karibu na hivyo."

"Nimelea watoto mimi. Hakuna hata mmoja niliyemweka kwenye friji."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilimwambia kesho tunakwenda wote huko kazini nikaone kwa macho yangu, na asijaribu kunikatalia.

Chumba chake kiko nyuma ya kitalu cha miche. Alinivua viatu mlangoni, akanipangusa mikono kwa spiriti, akanifunga kitambaa mdomoni. "Nikifungua kisahani usiongee," akasema. "Pumzi ina vijidudu." Tangu niitwe mama mkwe hakuna aliyewahi kuniambia ninyamaze. Nikanyamaza.

Alikaa mbele ya sanduku la kioo, akawasha taa ya spiriti, akachoma kisu chembamba mpaka kikawa chekundu, akangoja kipoe. Aliinua kifuniko kidogo tu, kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani, akakata ukungu kiasi cha punje na kuuhamishia kwenye kisahani kipya. Humo mlikuwa na chakula chake: maji ya kimea na sukari, yamegandishwa kwa unga wa mwani. Alipofunga ndipo nilipopumua.

"Msonobari hauli vizuri peke yake, Mama. Huyu ukungu anauvika mzizi kama soksi, anautafutia chakula na maji kwenye udongo. Mti nao unampa sukari."

"Na asipouvika?"

Akanitoa nje.

Viriba vyeusi vilipangwa safu kwa safu, na miche ndani yake ilikuwa ya njano, mingine imegeuka zambarau nchani, mifupi, imedumaa. Yote ilikuwa imewekewa ukungu wake. Meneja wa kitalu alikuwa ameshamwambia: miche ya mvua zijazo ikitoka hivi tena, chumba kinakuwa stoo ya mbolea, naye atafute kazi kwingine. Mumewe hakujua. Mimi ndiye wa kwanza kuambiwa.

Muelewe, ukungu ule aliutoa mwenyewe kwenye uyoga mwaka alioolewa, na hakuwahi kuuacha ufe. Kazini wanamwita Mama Ukungu. Akiwa na mimba kubwa alikwenda kuulisha. Siku ya kumzika baba yake alipitia maabara kwanza. Watu walisema sana. Mimi pia nilisema.

Alishuku udongo, akashuku maji, akashuku mbegu. Mwishowe alipanda miche ya makundi mawili: moja akaliwekea ukungu wake, lingine akaliwekea tu udongo uliochotwa chini ya misonobari mizee. Nikawa nakwenda naye kila siku kukaa pale kwenye kigoda, goti liume lisiume. Sindano za majani zilipotoka, ile ya udongo ilikuwa kijani cha kuiva. Yake ilibaki njano.

Aling'oa mche wa kila kundi, akaosha mizizi kwenye beseni, akaniita kwenye hadubini. Mzizi wa mche wa udongo ulikuwa na ncha nene, zimegawanyika kama uma, zimevikwa nyeupe. Wa mche wake ulikuwa uchi kama unywele.

"Ukungu wako umekufa?" nikauliza.

"Yuko hai. Hajawahi kuwa mzima kama sasa." Akainua uso kwenye hadubini, akasema, "Ni mimi, Mama. Kila nikihamisha nilichagua anayekua haraka, mweupe, aliyenona. Miaka yote. Nimekuwa nikimchagua anayependa kisahani. Sukari anaipata kwangu, mzizi wa nini?"

Kuharibu kitu kwa uzembe nakuelewa. Kukiharibu kwa kukitunza, sikuwahi kusikia.

"Kwa meneja sema ni umeme," nikamwambia. "Friji ilizima, ukungu ukaharibika. Nani atapinga?"

"Nitasema nilichoona."

"Una watoto wa kulisha."

"Najua, Mama."

"Basi wewe ni mjinga, na nakuambia kwa mapenzi."

"Sawa, Mama," akasema, akaenda. Nikamfuata mpaka mlango wa ofisi, na hapana aliyethubutu kuniondoa.

Meneja alikuwa akigonga kalamu mezani. Aliposikia yote akaacha kugonga. "Kwa hiyo miaka yote tumenenepesha ukungu."

"Ndiyo."

"Mbona hukusema ni umeme? Wote husema ni umeme."

Nilitazama ukuta.

"Uyoga umeanza kutoka chini ya misonobari," mke wa mwanangu akasema. "Nipe nafasi nianze upya."

"Na huyu wa zamani?"

"Hawezi kubaki. Nikimwona nitamchagua tena."

Meneja akampa mpaka mvua, asiombe tena.

Nilidhani ataficha hata kisahani kimoja. Alivipakia vyote kwenye sufuria ya mvuke, akakaza skrubu, akawasha. Ukungu ulipotoka ulikuwa maji ya kahawia yenye harufu ya kimea. Alivisuuza kimoja kimoja, hakutaka nimsaidie.

Uyoga mpya aliuvunja, akakata nyama ya ndani isiyoguswa na hewa. Visahani vingi vilioza vikawa kijani. Ukungu mmoja tu ulishika, wa kahawia, mnyonge, wa polepole.

"Mbona kama mgonjwa?"

"Ndiye ninayemtaka." Na safari hii hakumwacha adeke kwenye kisahani. Mara kwa mara alimrudisha kwenye mzizi wa mche ulio hai, akamtoa tena humo.

Mvua ilipokaribia, meneja alikuja kitaluni, akang'oa mche mwenyewe, akakung'uta udongo. Mizizi ilikuwa nyeupe nchani. Akawaambia wapakiaji waanze kupakia.

Mke wa mwanangu alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile ya baba yake.

"Unalia nini sasa? Si umeshinda?"

"Yule wa zamani, Mama."

Chumba kilikuwa chake, malori yalikuwa yanaondoka na miche ya kijani, na mtu anaulilia ukungu alioupika mwenyewe. Nikaketi chini kando yake mpaka amalize.