Tumbo la Etiye Asegedech

Kwa miaka mingi Asegedech, tuliyemwita Etiye kwa heshima ya umri wake, alikuwa karani wa jarida letu la kilimo, katika chuo kilicho chini ya kilima cha Yeka, na muda wote huo alikuwa na tumbo la ajabu. Mimi nilikaa meza ya pili, nikirekebisha lugha ya makala, kwa hiyo tumbo hilo nalijua kuliko daktari yeyote.

Kazi yake ilikuwa kuficha majina. Makala ikiingia, alifuta jina la mwandishi na la baba yake, akaondoa ukurasa wa shukrani, kisha akaipa namba na kuipeleka kwa wahakiki wawili. Wahakiki hawakupaswa kujua wanamsoma nani. Majina yalikaa kwenye daftari, daftari kabatini, na ufunguo shingoni mwake pamoja na msalaba. Mhadhiri mmoja aliwahi kumletea mtungi wa asali ya Gojjam. Aliurudisha mwenyewe kwa miguu mpaka mlangoni kwa mhadhiri huyo, akaukabidhi mbele ya mkewe. Nilimpenda kwa mambo kama hayo, ingawa siku nyingine alinichosha.

Sharti moja alijiwekea mwenyewe, halikuandikwa popote: hakunywa kahawa ya mtu ambaye makala yake imo kabatini. Na kahawa yetu ya Alhamisi haikwepeki kirahisi. Kila wiki mmoja wetu aliandaa, majani mabichi sakafuni, ubani, bisi, na birika la udongo likimiminwa mara tatu: abol, tona, bereka. Ukiondoka kabla ya bereka umekataa baraka ya mwenyeji. Ukikataa hata abol, hapo umemtukana. Ndiyo maana Etiye alisingizia tumbo.

Mwaka ule Mekdelawit alileta makala tena; ya mwaka uliotangulia ilikataliwa. Alikuwa mhadhiri kijana, mkataba wake ukiisha mwezi wa Sene, ndio Juni hivi, na bila makala iliyochapishwa usingefanywa upya. Marehemu mama yake alikuwa shoga wa Etiye, na binti alikua akila mchuzi wa shiro nyumbani kwake. Makala ilihusu mnyauko wa enseti, ule mgomba tunaokula shina lake, ikaonyesha kwamba dawa iliyosifiwa miaka kumi haifanyi kazi. Dawa yenyewe ilikuwa ya Daktari Gizachew. Mhariri mkuu, Profesa Tesfahun, alimpa yeye awe mmoja wa wahakiki wake wawili, kwa sababu hakuna aliyeujua mnyauko kumshinda.

Alhamisi hiyo zamu ya kahawa ilikuwa ya Mekdelawit.

"Etiye, abol yako."

"Tumbo, mwanangu. Limenishika tangu asubuhi."

"Tena? Hata mwaka jana kwangu lilikushika."

Daktari Gizachew akacheka, bisi zimejaa mkononi. "Tumbo la Etiye lina kalenda bwana. Wiki jana kwa Bahiru lilipokea vikombe vitatu. Nani hapa hajui? Akikataa kikombe chako, makala yako imo kabatini." Kisha kicheko kikakatika. Tulimwona akipiga hesabu. Akamtazama Mekdelawit, akatazama kikombe kilichorudishwa. "Enseti," alisema polepole. "Kumbe ni wewe unayenizika."

Etiye aliinuka, mkono kwenye ufunguo, akaenda moja kwa moja kwa Profesa, nami nikamfuata kwa kuogopa ataanguka njiani.

"Gashe," alimwambia, kwa neno letu la heshima kwa mwanamume mkubwa, "nimemtaja mwandishi."

"Wewe? Umemtaja kwa nani?"

"Kwa kila mtu. Miaka yote hii nimekuwa nikiwataja wote, nikijiona mwaminifu."

Alipomsimulia, Profesa alivua miwani. "Lakini hukufungua mdomo, Etiye. Na nikitafuta mhakiki mwingine ni miezi mitatu. Sene haiko mbali. Ukimwachia Gizachew, jibu tunalo wiki ijayo."

"Jibu gani, Gashe?"

Profesa alirudisha miwani usoni, akageukia makaratasi yake.

Aliyelimaliza suala ni Gizachew mwenyewe. Alikuja jioni, makala kwapani, akaiweka juu ya meza ya Etiye. "Ichukue. Nilikuwa nimeandika nusu ukurasa wa sifa. Baada ya kahawa nimekaa kumalizia, najikuta natafuta pa kumkamatia. Zile sifa nazo nimezichana, asije akapita kwa huruma yangu." Ni mtu wa majivuno, nimegombana naye mara nyingi, lakini jioni ile nilimheshimu.

Etiye aliandika kosa lake daftarini kwa mwandiko wake mzuri, akamtaka Profesa atie sahihi. Kisha akamwita Mekdelawit, akamweleza kuhusu tumbo.

"Nilidhani umenichoka," Mekdelawit alisema. "Tangu mama afe, kila nikikuletea kikombe unakirudisha. Nilidhani ulikuwa unanivumilia kwa ajili yake tu."

Etiye alimshika binti uso kwa mikono miwili, wakakaa hivyo, nami nikajifanya nasoma.

Mhakiki mpya alipatikana Kampala. Etiye alimkumbusha kila Jumatatu kwa adabu inayochosha. Maoni yalikuja kurasa kumi na moja, makali, zikiwa zimebaki wiki mbili. Mekdelawit alisahihisha bila kulala vizuri, makala ikapita, na mkataba ukafanywa upya siku tatu kabla ya kuisha.

Ikabaki kahawa. Nilimshauri Etiye anywe kwa wote, siri ifichike humo.

"Ninywe kwa mtu ninayemshikia makala? Wewe vipi?" alinijibu. "Basi nisinywe kwa yeyote."

Na mwanamke aliyependa kahawa kama yule, akakaa nasi kila Alhamisi miaka mitano, akinywa maji ya moto kikombeni. Alipokea maji ya abol, ya tona, ya bereka, akambariki kila mwenyeji. Hakuna aliyeweza tena kusoma chochote usoni mwake.

Siku ya kustaafu alimkabidhi karani mpya daftari, akavua ufunguo shingoni, akamvisha. Ndipo akaketi. Mekdelawit, sasa Daktari, ndiye aliyekuwa kwenye birika.

"Tumbo je, Etiye?"

"Sina makala ya mtu, mwanangu. Mimina."

Alikunywa abol, akanywa tona, akanywa bereka. Kisha akanyoosha kikombe akaomba cha nne, ambacho hata jina hakina, na Mekdelawit akarudi kuchemsha maji huku akijifuta macho kwa shali.