Watoto wa Pagume

Karani wetu wa chanjo hapa Bahir Dar, Ethiopia, husafisha orodha ya watoto kwa kunong'ona. Miaka yote aliisafisha kwenye jedwali la Excel, mstari kwa mstari, kidole kikigusa kioo, na kila alipofuta jina lililojirudia alisema, "Samahani, mwanangu." Kisha tukaletewa programu mpya ya kuandaa data, ambayo ukiifundisha kazi mara moja huirudia yenyewe. Siku ya kwanza, watoto wote waliozaliwa Pagume, mwezi wetu mfupi wa kumi na tatu, ikawapaka rangi nyekundu, na chini ikauliza: makosa yafutwe? Naye anayefutwa haitwi kuja kuchomwa sindano.

"Isamehe, dada," akacheka Yared, fundi wa kompyuta. "Imetengenezwa na watu wa miezi kumi na miwili."

"Kwa hiyo hawa hawajazaliwa?" karani akauliza.

Akavuta kiti, akaifundisha Pagume polepole, kwa sauti ile ile anayowabembelezea watoto wa sindano. Mwezi uliofuata aliifungua akiwa amebana pumzi. Hapakuwa na wekundu. Akapitisha kiganja juu ya kompyuta, kama anayempapasa kichwani mtoto aliyeamkia wakubwa bila kukumbushwa.

"Hukusahau," akanong'ona.