Mpasua Mbao Aliyetoka Bila Kuaga

"Nifungeni kitambaa machoni!" Mbaraka Shekiondo alitangaza siku ya arusi ya shemeji yake, kasimama juu ya kinu kilichogeuzwa ili asikike mpaka jikoni. "Nizungusheni mpaka nitapike, mnitupe popote kati ya Mponde na Magamba. Nitakuwa kwangu kabla chai ya Tatu haijapoa!"

Watu walimpigia makofi, maana pilau lilikuwa halijaletwa na hawakuwa na shughuli nyingine. Tatu, mkewe, alijibu kutoka jikoni kwamba chai yake haijapata kupoa hata siku moja, kwa sababu mumewe haipi nafasi.

Mbaraka alikuwa mpasua mbao katika msitu wa Magamba, miaka ile Mwingereza alipokuwa akiwakimbiza watu wa milimani walime kwa matuta, wapende wasipende. Matuta alimwachia Tatu, kama wanaume wengi walivyokuwa hodari wa kuwaachia wake zao. Yeye alikuwa na msumeno. Gogo lililazwa juu ya shimo, likakalia boriti mbili. Mmoja alipanda juu ya gogo, mwingine alishuka shimoni, na msumeno mrefu wenye mpini huku na huku ukapanda na kushuka kati yao. Wa juu aliongoza msumeno ufuate alama iliyochorwa kwenye gogo. Wa chini alikula unga wa mbao na kumwombea wa juu akili timamu.

Wa chini alikuwa Shabani, mtoto wa shangazi yake Mbaraka. Ni binamu, kwa hiyo ni mtani, na mtani hana ruhusa ya kukuheshimu. Wapasuaji wengine waliimba ili wavute pamoja. Hawa wawili walitukanana. Tusi lilipanda na msumeno, jibu likashuka nao.

"Wee Mbaraka! Kichwa chako kikipasuliwa kitatoa mbao ngapi?"

"Za kutosha kukujengea nyumba, uache kulala kwa mama yako!"

"Nalala kwa mama kwa sababu anapika. Wewe mkeo anakupikia au anakutibu?"

Mzee Sefania, msimamizi wao, alikuwa Mlutheri asiyekosa ibada. Aliziba sikio moja. La pili aliliacha wazi, maana mbao zilikuwa zinatoka zimenyooka.

Masika moja, siku ambayo Mbaraka ndiye aliyeshuka chini, ukingo wa shimo ulimeguka. Udongo na unga wa mbao vilimfunika mpaka kidevuni. Gogo nalo likateleza kwenye boriti, likabaki linaning'inia mbele ya pua yake. Wenzake walimchimbua polepole kwa majembe, wakiogopa hata kukohoa.

Huko chini lilitokea jambo ambalo Mbaraka hakumwambia mtu. Hakuogopa. Aliondoka. Alijiona kutoka juu, kama mtu aliyekaa tawini, akimtazama jamaa fulani aliyefukiwa, akamwonea huruma kidogo, ile huruma ya kumwonea mtu usiyemjua. Walipomtoa aliomba uji, akauliza kama kuna sukari. Watu wakasema huyu ni mzima kabisa.

Kijiji kizima kikamlegezea sauti. Wanawake walimletea ndizi. Wazee waliokuwa wakimdai salamu sasa walimwahi wao kumjulia hali. Hata Shabani alibadilika. Msumeno ulipoanza kwenda tena alikuwa akisema kutoka shimoni, kwa sauti ya mtu aliye msibani, "Vuta taratibu, ndugu yangu. Pole, ndugu yangu."

Ndipo mambo yakaanza. Asubuhi moja Mbaraka alishika kikombe, akaitazama mikono yake, akashindwa kuamini kwamba ni yake. Ilikuwa mikono mizuri tu, yenye sugu mahali pake, lakini kama ya kuazima. Alisogeza kidole. Kikasogea. Akashangaa kwamba kimemtii. Siku nyingine Tatu alikuwa akimsimulia habari ya jirani, naye akaisikia sauti yake kana kwamba inapita ndani ya mwanzi mrefu, na uso wa mkewe aliyeishi naye miaka mingi ukawa kama picha ya mtu. Aliitikia "enhe" na "kumbe" mahali palipostahili. Tatu hakugundua. Wanaume wengi huitikia hivyohivyo wakiwepo.

Baya zaidi lilitokea juu ya gogo. Mvua ilikuwa imenyesha, unga wa mbao uliolowa ukanuka vilevile kama siku ile. Mbaraka alivuta msumeno, akavuta, akavuta. Kisha akasikia mtu anapiga kelele mbali sana. Alipotazama chini, meno ya msumeno yalikuwa yamepita mwisho wa alama na yanaitafuna boriti, ile iliyozuia gogo lote lisimwangukie Shabani. Mikono ilikuwa imefanya kazi bila mwenyewe.

Shabani alitoka shimoni kwa kasi ambayo hakuwa nayo tangu utoto. Mzee Sefania hakupandisha sauti.

"Shuka, Mbaraka. Utabeba mbao kwanza. Masika yakiisha na bado unaota mchana, utatafuta kazi nyingine. Sitamzika mtu kwa ajili ya ndoto ya mwenziwe."

Kubeba mbao hakukumuumiza mabega. Kilichomuumiza ni ile boriti. Kazi ilikuwa kazi, mtu angeweza hata kuuza kabichi. Lakini kama angeweza kumuua Shabani bila kuwepo, je, nyumbani, na moto jikoni, na mtoto mdogo?

Tatu alimtuma sokoni Lushoto akanunue chumvi, apate kunyoosha miguu. Mbaraka alikumbuka vizuri akimlipa muuza chumvi. Kilichofuata katika kumbukumbu yake ni mlango wa shangazi yake mwingine, huko Mgwashi, mwendo wa siku nzima kutoka sokoni, miguu ina malengelenge, pakiti ya chumvi kwapani, na shangazi anamuuliza, "Baba, mbona umetuletea chumvi? Nani kakuambia hatuna?"

Katikati hapakuwa na kitu. Baadaye waliokutana naye njiani walishuhudia kwamba alikuwa mtu mwema sana. Aliwapa wazee shikamoo mmoja mmoja, akapisha kina mama wenye mizigo. Mwenyewe hakuwepo, lakini adabu ilikuwepo.

Shangazi alimlaza, kesho yake akamrudisha na mtu wa kumsindikiza. Tatu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Jina lake nani?"

"Nani?"

"Huyo wa Mgwashi."

"Shangazi."

"Shangazi gani anayepelekewa chumvi kwa miguu usiku na mchana? Baba Mwanaisha, mimi sijazaliwa jana. Kama umeoa, sema, nijue kama napikia wawili au watatu."

"Mama Mwanaisha, sikumbuki hata kilima kimoja."

"Wewe? Uliyetuambia tukufunge kitambaa machoni?"

Hapo Mbaraka alilia. Hakulia kwa sauti, ila machozi yalishuka na hakuyafuta, kama vile hayakuwa yake. Tatu aliishusha mikono kutoka kiunoni. Mwanamume anayeficha mke wa pili, alifikiri, hujitetea zaidi ya hivi.

Mtaani kila mtu alikuwa na jawabu. Wengine walisema ni pepo wa gogo na apigiwe ngoma. Wengine walisema ni bangi. Mmoja alisema ni kifafa na wasile naye sahani moja, na huyo Tatu alimnyima sahani yenyewe. Mwishowe alimpeleka mumewe kwenye zahanati, kwa dresa, mfunga vidonda wa pale, aliyeitwa Danieli, mtu mpole aliyesikiliza huku akichemsha sindano zake.

Danieli aliuliza mengi. Je, huanguka? Hapana. Hutokwa na povu? Hapana. Amewahi kujiuma ulimi? Hapana, alisema Tatu, ingawa ulimi wenyewe ulistahili.

"Anavuta bangi?"

"Bwana Dresa, huyu hata ugoro unamtoa machozi."

"Haya. Siku ile ya shimo," Danieli alimgeukia Mbaraka, "uliogopa?"

"Mimi siogopi."

"Basi wewe ni mtu wa kwanza ninayemwona aliyefukiwa hai akafurahi."

Mbaraka aliinama. Ndipo akasimulia, kwa mara ya kwanza, habari ya tawi, na yule jamaa wa chini aliyemwonea huruma.

Danieli aliacha sindano zake. "Sina jina la Kiswahili la kukupa, na dawa ya chupa sina. Lakini nimewaona askari waliorudi vitani wako hivihivi. Hujawa mwendawazimu. Siku ile mwili haukuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo akili ilikimbia peke yake. Ilikusaidia. Sasa imeijua njia, kama mbuzi aliyeonja shamba la jirani. Harufu ikifanana, uchovu ukizidi, usingizi ukikosekana, inaruka ua, hata kama hakuna hatari. Huijui saa inapotoka, na ikirudi hukumbuki ilikokuwa."

"Na mikono inayokuwa ya mtu mwingine?"

"Ni hiyohiyo, imetoka nusu."

"Inafungwaje?"

"Haifungwi. Inaitwa. Ikianza kuondoka, kanyaga chini uisikie miguu. Shika maji baridi. Taja unavyoviona, kimoja kimoja. Lala vya kutosha. Na uwe na mtu wa kukuita kwa namna ambayo lazima uitikie."

Njiani Tatu alitangulia, akifikiri kwa bidii iliyomtisha Mbaraka kuliko ugonjwa. Walipofika karibu na kwao aliuliza, "Tangu lini Shabani anakuita ndugu yangu?"

"Tangu shimo."

"Na zamani alikuita nani?"

Mbaraka alitaja majina machache. Mengine Tatu alimzuia asiyamalize, kwa sababu mtoto alikuwa mgongoni.

Jioni ileile alimfuata Shabani kwake, akamkuta anamenya muwa.

"Shemeji, kwa nini humtukani mume wangu?"

"Nimtukane vipi? Mgonjwa yule. Mimi nina utu."

"Utu wako utakuua. Mmemwekea mto kila upande, watu wote pole, pole, pole. Mtu akisemeshwa kilaini hivyo atakosaje kusinzia? Mtani akimtukana, hawezi kunyamaza. Hajawahi. Hata siku ya nikahi alimjibu mtu katikati ya hotuba ya shehe."

Shabani aliuweka muwa chini. Alikuwa ameona haya kumtania mtu aliyefukiwa, kama ambavyo mtu yeyote mwenye heshima angeona haya, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa imemwacha binamu yake peke yake juu ya gogo.

Ndiye aliyekwenda kwa Mzee Sefania kuomba Mbaraka arudishwe juu ya gogo. Mpasuaji mpya aliyepewa, Abrahamu, alikuwa kijana mstaarabu aliyeomba radhi kila msumeno ulipokwama, na mbao zao zilitoka zimepinda kama mkia wa nguruwe. Shabani aliweka sharti lake mwenyewe: kila mvuto una tusi, kila tusi lina jibu. Jibu likikosekana, anaachia mpini na kutoka shimoni papo hapo.

"Ukifa je?" Mzee Sefania aliuliza.

"Nitakuwa nimekufa nikimtukana. Kwetu hilo ni jambo jema."

Walipewa gogo moja la majaribio. Asubuhi hiyo ukungu ulikaa juu ya Magamba na unga wa mbao ulikuwa umelowa. Mbaraka alipanda peku, ili gogo aliguse kwa nyayo. Msumeno ukaanza.

"Pua yako imekaa kama mpini wa jembe!"

"Yako imekaa kama shimo la fuko!"

Waliendelea hivyo mpaka nusu ya gogo. Ndipo harufu ikapanda. Mbaraka aliiona mikono yake ikienda mbali, ikapanda na kushuka, mikono ya mtu hodari. Alisikia tusi moja likipita kwa mbali. Hakuliitikia.

Msumeno ukalegea. Shabani alikuwa ameachia na amekwishatoka shimoni, anatweta. Akapaza sauti, akageukia Kishambaa kwa sababu tusi la Kiswahili halikumtosha, akatangaza mbele ya msimamizi na wabebaji wote kwamba mbuzi aliyetolewa kwa mahari ya Tatu alikuwa na kikohozi, na kwamba Tatu aliolewa kwa huruma tu, ili mbuzi apate mtu wa kumtunza.

Huko tawini Mbaraka alimwonea huruma yule jamaa wa chini. Kisha akaona kwamba hapana, huyu jamaa anasingiziwa. Alisikia gome la gogo chini ya nyayo zake, baridi na gumu. Aliona ukungu. Aliona uso wa Shabani uliojaa unga wa mbao.

"Mafua!" alipiga kelele, kwa sauti iliyokwaruza. "Yalikuwa mafua tu! Na yalipona kabla ya nikahi, mwongo mkubwa wewe!"

Wabebaji walicheka mpaka mmoja akaketi kwenye tope. Mzee Sefania alitazama msumeno ulipokuwa umesimama, ndani ya alama. Akaziba sikio lake moja.

"Endeleeni," alisema.

Mbaraka hakupona kwa siku hiyo. Aliendelea kutoka mara mojamoja, hasa masika, na Tatu alijifunza kumwita kwa maneno ambayo hayaandikiki. Lakini Mbaraka alibaki juu ya gogo, na Shabani alibaki chini.

Ubao wa kwanza wa gogo lile uliuzwa Lushoto kwa shilingi mbili na senti hamsini.